Nyumba ya kisiwani Songo Songo: upepo uupitishe au uuzuie?

"Habari za kazi mtaalamu. Nina kiwanja Songo Songo, upande unaotazama bahari kubwa, kama hatua 100 toka maji yanapofika yakijaa. Nataka kujenga nyumba ya vyumba vitatu nikae mimi na bi mkubwa, mama yangu, maana yeye hataki kuhamia bara. Shida ni upepo. Kusi ikianza ukifungua dirisha mchanga unaingia mpaka kwenye chakula, alafu mwezi wa pili joto hapakaliki. Kile kimbunga Hidaya cha 2024 bati za baraza la jirani zilibebwa na nusu ya paa la nyumba likafata. Fundi wa kwanza kanambia niweke paa la kuficha la kisasa, eti upepo haulioni. Wa pili anasema upande wa kusini nisiweke dirisha hata moja na nizungushie ukuta wa bloku futi nane. Mimi nilikuwa nawaza nijenge tu kuta nene za inchi tisa nyumba iwe nzito. Hela ya bati nimeshaiweka pembeni. Nifate lipi?"

Kaka, pole na mawazo na asante kwa kueleza mambo kwa kina, maana wengi wananiuliza tu nyumba ya pwani iweje, wakati jibu la Lindi mjini sio jibu la Songo Songo. Nikikusoma naona una hofu mbili kwa mpigo na zinavutana. Ya kwanza upepo wa kila siku, ule wa mchanga kwenye chakula na joto la mwezi wa pili. Ya pili upepo wa siku moja, ambao unakuja mara chache ila ukija unaondoka na paa. Mafundi wako kila mmoja kajibu hofu moja tu, na ukifata ushauri wao kama ulivyo utaishia kwenye nyumba ya joto ambayo paa lake bado linaweza kuruka. Msimamo wangu ni huu: nyumba ya kisiwani iachie upepo upite katikati yake kila siku, na iwe imefungwa kuanzia bati mpaka msingi kwa ajili ya ile siku moja. Hayo mawili yanawezekana kwenye nyumba moja, na wala sio kwa hela nyingi kama unavyodhani.

Tuanze na pepo zenyewe, ambazo bi mkubwa anazijua vizuri kabisa, mkalishe akuonyeshe kwa kidole. Kusi inaanza kuingia mwezi wa nne, inakaza wa sita mpaka wa nane, inatokea kusini-mashariki. Kaskazi inakuja kuanzia wa kumi na mbili hivi mpaka wa tatu, inatokea kaskazini-mashariki, ni laini zaidi, na ndo msimu wa joto lenyewe. Sasa fundi wa pili anasema ziba kusini. Sawa, kusi utaipunguza, lakini hewa haiwezi kuingia chumbani kama haina pa kutokea. Mwezi wa pili kaskazi itagonga ukuta wako wa kaskazini, itakuta chumba kimejaa hewa iliyokwama, itazunguka nyumba na kwenda zake, na nyie ndani mnatoka jasho huku nje minazi inacheza. Yani kwa kuziba dirisha la kusini unakuwa umeua na dirisha la kaskazini pia. Hilo ndo kosa naloliona kwenye nyumba nyingi mpya za pwani yetu.

Alafu kuna hili la kusema Tanzania hatuna vimbunga. Vipo, havitujii kila mwaka tu. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi, wazee wa huko wamekua wakisimuliwa habari zake. Aprili 2019 Kenneth ilituacha padogo ikapiga Cabo Delgado ya Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na Mtwara watu walihamishwa kwenda sehemu salama. Aprili 2021 Jobo ilikuja ikaishiwa nguvu kabla ya kufika. Alafu Hidaya, tarehe 4 Mei 2024 ikatua Mafia, na nyie Kilwa mkapata sehemu yenu, barabara ya Somanga ikakatika. Ukiangalia vyote hivyo ni mwezi wa nne na wa tano, na hilo litakusaidia kwenye ratiba, ntarudi hapo. Kitu kingine cha kujua ni kwamba kimbunga kinazunguka, kwa huku kwetu kusini mwa ikweta kinazunguka kufata mshale wa saa, kwa hiyo kikiwa kinapita upepo unabadili upande, asubuhi unaweza kuwa unapigwa toka kusini na jioni toka kaskazini. Ukuta mmoja wa kujificha nyuma yake haupo.

Sasa hapa naomba unifate taratibu maana ndo kiini. Watu wengi wanaamini upepo mkali unaisukuma nyumba mpaka ianguke, ndo maana na wewe umewaza kuta nene. Kusukuma kupo, ila kinachoua nyumba zetu za bati ni kunyanyuliwa. Upepo ukifika ukutani unalazimika kupanda na kupita juu ya paa kwa kasi kubwa zaidi, na hewa inayokimbia hivyo inaacha mkandamizo mdogo juu ya bati, wakati ndani ya nyumba hewa imetulia na mkandamizo wake uko palepale. Tofauti hiyo inalivuta paa kwenda juu, kama tanga linavyoivuta ngalawa. Inavuta zaidi kwenye kingo, kwenye pembe na karibu na mgongo wa paa, ndo maana bati ya kwanza kung'oka karibu kila mara ni ya pembeni.

Nguvu yenyewe haikui sawasawa na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 50 kwa saa unabeba kama kilo 12 kwa kila mita ya mraba, ule wa kilomita 100 unafika karibu kilo 48, na kwenye pembe za paa mvuto unaweza kuwa mara mbili ya hapo. Bati ya geji 30 yenyewe ina uzito wa kilo tatu hivi kwa mita ya mraba, ukijumlisha na mbao paa zima halizidi sana kilo 15 mpaka 20. Chukua paa la mita za mraba 100, ambalo ndo kama lako. Upepo wa kilomita 100 unaweza kulivuta juu kwa karibu tani nne, na lenyewe lina tani mbili kasoro. Hapo tayari halitaki kukaa. Sasa mlango wa upande wa upepo ukivunjika au dirisha likafunguka, hewa inaingia ndani na haipati pa kutokea, inajaza nyumba na kusukuma silingi toka chini, mvuto wa juu na msukumo wa chini vinajumlishwa, ukitoa uzito wa paa bado zinabaki zaidi ya tani tano za kwenda juu. Kwa hiyo wale wanaosema kimbunga kikija fungua madirisha upepo upite, usiwasikilize, siku hiyo kila kitu kifungwe, pande zote nne.

Ukishaelewa hapo utaona kuta za inchi tisa hazikusaidii kama unavyodhani. Ukuta mzito ambao paa halijafungwa nao unabaki umesimama pale unatazama paa linaondoka. Bloku za inchi sita zilizojengwa vizuri, na nguzo za zege kwenye kona na pembeni mwa milango, na lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya kuta, inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, zinatosha kabisa nyumba ya chini ya vyumba vitatu. Ile hela ya kuongeza unene, na kumbuka kila mfuko wa saruji na kila kokoto inakuja kwa boti, ihamishie kwenye nondo, bolti na mbao nzuri.

Na fundi wa kwanza na paa lake la kuficha? Nalielewa, linapendeza, na ule ukuta wa juu unaolificha kweli unapunguza kidogo mvuto wa kwenye kingo. Lakini kusema upepo haulioni sio kweli. Paa la kuficha lina mwinamo mdogo sana, na mapaa yenye mwinamo mdogo ndo yanayovutwa juu kwa eneo kubwa zaidi. Alafu mvua ya upepo inaingia kwa ubavu, ule mfereji wa ndani ukiziba kwa majani na mchanga, na kwako utaziba, maji yanarudi ndani ya nyumba. Sijasema haliwezekani kisiwani, linawezekana likihesabiwa na mhandisi na likawa la zege, ila la bati na mbao kwa hapo ulipo mimi nisingelijenga.

Ningekujengea paa la pande nne, linaloteremka kila upande, lenye mwinamo wa nyuzi 25 mpaka 30. Paa la pande mbili lina zile kuta za pembetatu mwishoni ambazo upepo unazipiga zima zima, na zikianguka zinavunja kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, za karibu. La pande nne halina pa kukamatwa hivyo, na kenchi zake zinasaidiana pande zote. Linakula mbao zaidi na fundi ataongeza siku za kazi, ni kweli, ila kwa kisiwa hiki ndo sehemu ya kutumia hela.

Sasa tuje kwenye lile la jirani, maana lina somo. Umesema bati za baraza zilienda na nusu ya paa ikafata. Bila shaka baraza lake lilikuwa ni mwendelezo wa paa la nyumba, mbao zilezile zimerefushwa mbele zikakaa kwenye nguzo. Baraza liko wazi chini, kwa hiyo upepo unaingia chini yake na kusukuma juu huku juu yake nako kunavutwa, linapata kipigo mara mbili, na likiondoka linavuta mbao za nyumba. Dawa yake ni rahisi: baraza lijengwe paa lake peke yake, lianze chini kidogo ya paa la nyumba, nguzo zake zifungwe kwenye zege zake. Siku mbaya ikija baraza linaweza kwenda lenyewe na nyinyi mkabaki mmelala chini ya paa. Na baraza usiliache kabisa, tafadhali, maana watu wakisikia habari ya upepo wanafuta baraza kwenye ramani. Bi mkubwa atakaa wapi kuparua nazi na kuongea na wenzie? Baraza ndo kivuli cha ukuta.

Hapohapo kwenye kivuli kuna mvutano wa kweli nisikufiche. Kwa ajili ya jua tungetaka paa litokeze sana nje ya ukuta, kwa ajili ya upepo tunataka litokeze kidogo. Songo Songo iko kama nyuzi nane na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa sita jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini, na wa kumi na mbili linakuwa kusini kidogo lakini karibu utosini kabisa. Maana yake ukuta wa kaskazini unahitaji kivuli kirefu, karibu mita moja, wa kusini sentimita 40 au 50 zinatosha. Basi weka baraza kaskazini, lifanye kazi ya kivuli, na paa lenyewe la nyumba litokeze sentimita 45 mpaka 60 tu kuzunguka, na chini ya kile kitokezo uzibe kwa mbao zenye matundu madogo upepo usipate pa kushika.

Kufunga sasa. Nataka ukumbuke kwamba ile nguvu ya tani tano inatafuta sehemu moja tu iliyo legevu, haijali zingine zilivyo imara. Bati ishikwe kwenye papi, zile mbao za kulala zinazopigiliwa bati, papi zishikwe kwenye kenchi, kenchi kwenye mbao ya juu ya ukuta, mbao hiyo kwenye lenta, lenta iende na nondo za nguzo mpaka kwenye msingi. Kwa mazoea ya huku fundi anafunga kenchi kwa waya mwembamba uliochomoza kwenye tofali, na kwenye hewa ya chumvi waya ule miaka michache umeshaliwa na kutu huku juu ya silingi, hakuna anayeuona. Wewe wakati unamwaga lenta, simamisha ndani yake bolti za milimita 12 zilizopakwa zinki, kila baada ya mita moja hivi, zenye mguu uliokunjwa ili zisichomoke. Mbao ya ukutani ikae juu yake ikazwe kwa nati na washa pana. Kila kenchi ifungwe kwenye mbao hiyo kwa mkanda wa chuma wa zinki unaopita juu ya kenchi na kushuka pande zote mbili, na kila papi ifungwe hivyohivyo kwenye kenchi, msumari uliopigwa wima toka juu usiutegemee maana upepo unauchomoa kwa njia ileile ulioingilia. Fundi akikwambia hayo ni mambo ya ghorofa, mwoneshe paa la jirani.

Bati chukua geji 28, na ukiweza 26 kwa zile za kingo, namba ndogo ndo bati nene. Kuna sababu. Krismasi ya 1974 kimbunga Tracy kilibomoa sehemu kubwa ya mji wa Darwin kule Australia, na wataalamu walipokuja kukagua waligundua mabati mengi hayakuchomoka na misumari, yalichanika kuzunguka vichwa vya misumari kwa kupigwapigwa juu chini masaa mengi. Bati nyembamba inachoka haraka. Tumia skrubu zenye washa ya mpira badala ya misumari ya kofia, na kwenye kingo, pembe na mgongoni piga kila wimbi, katikati ya paa ruka moja piga moja. Papi za kingoni zisogeze ziwe karibukaribu, sentimita 60, katikati hata 90. Hiyo hela ya bati uliyoiweka pembeni usiitoe bado, mpaka ujue bolti, mikanda na skrubu zimepata fungu lake kwanza, maana hizi zikibaki za mwisho ndo zinaishiwa bajeti.

Turudi kwenye maisha ya kila siku. Nyumba yako ilaze ndefu mashariki kwenda magharibi, na iwe nyembamba, chumba kimoja kwa upana ikiwezekana, ili kila chumba kipate dirisha kaskazini na dirisha kusini. Ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani ukaangalia majumba ya zamani utaona vyumba vyembamba virefu, mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, kwa sababu boriti za mikoko za kubeba dari hazikuwa ndefu kuliko hapo. Wembamba ule ulitokana na boriti lakini unafaa sana kwa hewa, kwa sababu hewa ikiingia upande mmoja haina safari ndefu ya kutoka upande wa pili. Vyumba vyetu vya siku hizi vya kupanga viwiliviwili na korido ya giza katikati ndo vinaua upepo.

Madirisha ya kusini yaweke madogo na ya juu kidogo, ya kaskazini makubwa, alafu juu ya kila mlango wa ndani acha uwazi wenye mbao za luva ili hewa ipite hata milango ikiwa imefungwa. Kwa nje kila dirisha liwe na mbao za kufunga, nzito, zenye komeo la chuma la kupita kati, hizi zinafanya kazi tatu: siku ya kusi kali unafunga ubao wa kusini na kuacha luva zake zikitoa hewa kidogo kidogo, siku ya kimbunga unafunga zote, na siku zingine zinakukinga na jua. Vioo vikubwa vya kuteleza vya aluminiamu upande wa bahari naomba uviache. Kioo kikipigwa na dafu linaloruka ndo umeshafungulia zile tani tano mlango.

Jiko na choo viweke mwisho wa magharibi. Kusi inatoka kusini-mashariki na kaskazi kaskazini-mashariki, kwa hiyo mwaka mzima karibu upande wa magharibi ndo uliofichika, moshi na harufu vinaondoka bila kupita chumbani kwa mtu. Na jua kali la jioni litapiga jiko badala ya kitanda cha mama.

Mchanga nao una tabia yake. Mchanga mwingi unaosafiri na upepo hauruki juu, unarukaruka chini ya magoti, kinachopanda juu ni vumbi jepesi na chumvi. Kwa hiyo ukinyanyua jamvi, yani sakafu ya zege, sentimita 60 mpaka 90 toka ardhini, na kizingiti cha dirisha la kusini ukakiweka mita moja na zaidi toka sakafuni, sehemu kubwa ya mchanga inabaki nje, na ardhi ya kuzunguka usiisafishe ikawa nyeupe, acha ile mimea inayotambaa ufukweni yenye maua ya zambarau, mizizi yake ndo inayoushika mchanga. Jamvi la juu litakusaidia na siku bahari ikichafuka.

Ukuta wa bloku wa futi nane hapana. Upepo ukifika kwenye ukuta usio na tundu unapanda, unaruka, alafu unaanguka nyuma yake kwa kujizungusha, na mara nyingi unapoangukia ndo uani kwako, mchanga unamwagikia hapohapo. Kizuizi kizuri kinavuja, kiwe karibu nusu wazi nusu kimeziba, upepo unapita umepungua nguvu, na kinga yake inaweza kufika umbali wa mara kumi ya urefu wake. Panda mivinje mistari miwili mitatu upande wa kusini-mashariki, imezoea chumvi na mchanga, na chini yake vichaka vifupi. Wakati inakua zungushia uzio wa makuti, unavuja vizuri. Iwe mbali na nyumba kuliko urefu itakaofikia, na minazi iliyo karibu sana na paa izungumzeni mapema na mama, najua ugumu wa kukata mnazi wa mtu mzima. Kaskazini acha wazi.

Kuhusu chumvi ntasema kwa kifupi lakini usiichukulie kifupi. Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima cha chumvi visiingie kwenye zege yenye nondo. Chumvi inaamsha kutu, kutu inavimba, zege inapasuka toka ndani na lenta yako uliyoitegemea inakatika vipandevipande baada ya miaka kumi na kitu. Leta mchanga wa mto toka bara, kinga maji ya mvua kwa ajili ya kuchanganyia, nondo ifunikwe na zege si chini ya sentimita nne, tano ni bora zaidi kwa hapo ulipo, na zege imwagiliwe wiki nzima ikiwa imefunikwa magunia maana kusi inaikausha kabla haijashika. Mbao ziwe za kutiwa dawa. Simtanki lifungwe kwenye kitako chake na siku ya tahadhari lijazwe, tupu linaruka kama halina mwenyewe.

Sasa mambo ambayo siwezi kukumalizia kwa maandishi. Hatua zako 100 kutoka maji yanapojaa zinaweza kuwa mita 70 hivi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae nje ya mita 60, kwa hiyo pima kwa futikamba wakati wa bamvua, maji yakijaa kabisa, hatua zinadanganya, na kama ufukwe hapo unaliwa mwaka hadi mwaka rudi nyuma zaidi ya sheria inavyotaka. Ramani ipeleke halmashauri ya Kilwa upate kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba. Mtafute mhandisi aliyesajiliwa afike mwenyewe aone udongo, kama ukichimba mita moja unakuta maji au mchanga unaomomonyoka msingi wako sio wa kawaida, na akuhesabie lenta na nafasi ya bolti kwa ramani yako halisi, namba nilizotoa hapa ni za kuanzia mazungumzo nae. Ukitaka kuongeza ghorofa, au ukumbi usio na ukuta katikati unaozidi mita sita, usianze kabisa bila yeye. Gharama ya kumleta kwa boti siku moja ni ndogo kuliko ya kuezeka nyumba upya. Na fundi wako muulize kama yuko tayari kufunga mikanda kila kenchi, ukaguzi wa hilo fanya mwenyewe kabla silingi haijapigwa, panda ngazi uone kwa macho.

Ratiba ningeipanga hivi: msingi na kuta kuanzia mwezi wa sita mvua zikiisha, paa kati ya wa tisa na wa kumi na moja kusi ikiwa imelegea, alafu miezi inayobaki itumie kuweka milango na mbao za madirisha. Nyumba iliyoezekwa huku madirisha ni matundu matupu ndo nyumba dhaifu kuliko zote, upepo unaingia na kunyanyua, na wengi wanaiacha hivyo mwaka mzima wakitafuta hela ya kumalizia. Kama hela haitoshi kufika kwenye madirisha kabla ya mwezi wa nne, basi usiezeke mwaka huo, hata lenta ikae wazi, zifunike tu zile bolti kwa grisi na nailoni mpaka msimu ujao.